Ukubwa wa bloku ya mfumo wa faili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwenye haraka achukue hizi: kwenye Linux andika `stat -fc %S /`, kwenye Windows `fsutil fsinfo ntfsinfo C:`, kwenye macOS `diskutil info /`. Mara nyingi utakutana na 4096. Kazi huanza pale amri mbili zinapotoa namba mbili tofauti kwa diski ileile, na zote mbili zikawa sahihi. Maswali mengi hapa chini yamezaliwa na mkanganyiko huo.

## Bloku ni nini, na sekta ni nini?

Sekta ni mali ya diski. Ndicho kipande kidogo kabisa ambacho diski hukubali kusoma au kuandika: baiti 512 kwa diski za zamani, baiti 4096 kwa nyingi za leo, ingawa nyingi kati ya hizo bado hujitangaza kuwa na 512 ili zisigombane na programu za zamani.

Bloku ni mali ya mfumo wa faili. Ndicho kipande kidogo kabisa ambacho faili inaweza kugawiwa. Bloku ikiwa ya baiti 4096, faili ya baiti 1 inachukua 4096, na ya baiti 4097 inachukua 8192. Windows huiita klasta, na dirisha la kufomati huiandika "Allocation unit size". Ni kitu kimoja.

## Kwa nini amri tofauti zinanipa namba tofauti?

Kwa sababu neno "block" limebebeshwa mizigo minne. Kuna sekta ya diski. Kuna bloku ya mfumo wa faili, ambayo ndiyo unayoitafuta. Kuna ukubwa unaopendekezwa wa kusoma na kuandika kwa mkupuo mmoja, ambao mfumo huitangazia programu ili zifanye kazi kwa kasi. Na kuna kipimo cha kuhesabia tu, cha baiti 512 au 1024, kinachotumiwa na `df`, `du` na `ls -s` bila uhusiano wowote na jinsi diski ilivyofomatiwa.

Kabla ya kuinakili namba popote, jiulize imejibu swali lipi kati ya hayo manne.

## Nianzie wapi kwenye Linux?

Jua kwanza faili zako ziko kwenye kifaa kipi na mfumo gani wa faili:

`findmnt -no SOURCE,FSTYPE -T /home`

Kisha:

`stat -f /home`

Tafuta mstari unaosema `Block size: 4096  Fundamental block size: 4096`. Namba ya pili ndiyo ya kuamini, maana ndiyo inayotumika kuhesabu bloku za mfumo. Ya kwanza ni ule ukubwa wa mkupuo. Kwenye ext4 na XFS za kawaida zinalingana, ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba ni vitu viwili. Ukitaka namba tupu kwa ajili ya skripti, `stat -fc %S /home` inatosha, na haihitaji haki za msimamizi.

Usiisahau hiyo `-f`. Bila hiyo, `stat` inazungumzia faili yenyewe: `IO Block: 4096` ni ukubwa wa mkupuo, na `Blocks: 8` ni hesabu ya vipande vya baiti 512. Mtu akiona bloku 8 kwenye faili ndogo hudhani imemeza KB 32, kumbe ni KB 4.

## Nataka kusoma kwenye mfumo wa faili wenyewe, si kupitia keneli (kiini cha mfumo endeshi)

Hapo kila mfumo una chombo chake.

Kwa ext2, ext3 na ext4:

`sudo tune2fs -l /dev/sda2 | grep -i 'block size'`

Inasoma bloku kuu (superblock, yenye maelezo ya mfumo wa faili) iliyo kwenye patisheni, kwa hiyo inafanya kazi hata kama patisheni haijapachikwa (mount). Usishangae ukiona 1024 kwenye patisheni ndogo kama ya `/boot`: matoleo mengi ya `mkfs.ext4` huchagua 1024 yenyewe pale nafasi inapokuwa chini ya MB 512.

Kwa XFS:

`xfs_info /home`

Hapa soma kwa makini, kwa kuwa neno `bsize` linatokea zaidi ya mara moja. Unayoitaka iko kwenye mstari unaoanza na `data`. Ile ya `naming` ni ya folda, ya `log` ni ya kumbukumbu za mabadiliko, na `sectsz` ni sekta.

Kwa Btrfs:

`sudo btrfs inspect-internal dump-super /dev/sdb1 | grep -E '^(sectorsize|nodesize)'`

Jina linapotosha. Btrfs huiita bloku yake `sectorsize`, ingawa si sekta ya diski. `nodesize`, ambayo kwa kawaida ni 16384, ni ukubwa wa nodi za miti ya metadata, na haihusiani na nafasi ya faili zako.

## `blockdev --getbsz` ni sahihi?

Ni sahihi kwa swali ambalo hukuuliza. Amri hii hutoa ukubwa ambao keneli inautumia kwa kifaa hicho wakati huo. Ext4 ikiwa imepachikwa, keneli huulinganisha na bloku ya ext4, hivyo jibu linapatana. XFS ikiwa imepachikwa, hulinganishwa na sekta, na unaweza kupata 512 huku bloku halisi ni 4096. Patisheni ambayo haijapachikwa hutoa namba isiyotegemea kabisa kilichofomatiwa ndani yake.

Jamaa zake mbili ni za kuaminika kwa kazi yao: `--getss` kwa sekta inayotangazwa na `--getpbsz` kwa sekta halisi. `lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC,FSTYPE` inazionyesha kwa diski zote kwa pamoja.

`blkid` nayo ina mtego wa namna hiyo. `BLOCK_SIZE` inayoandikwa pale ni kipande kidogo kinachofikika na mfumo wa faili, kwa hiyo XFS mara nyingi huonyesha 512. Matoleo mapya yameongeza `FSBLOCKSIZE`. Ikiwepo, soma hiyo.

## Nimepata "Bad magic number in super-block". Diski imeharibika?

Pengine sivyo. Sababu ya kawaida ni kwamba umeielekeza `tune2fs` kwenye diski nzima, `/dev/sdb`, badala ya patisheni, `/dev/sdb1`. Ya pili ni kwamba mfumo si ext: umeipa XFS au NTFS. Ya tatu ni LVM (tabaka la kugawa diski katika voliyumu) au usimbaji fiche, ambapo mfumo wa faili unakaa ndani ya `/dev/mapper/...` na patisheni ya nje ni ganda tu. Rudi kwenye `findmnt` na uchukue jina la kifaa kama lilivyoandikwa pale. Kwenye Btrfs, ondoa sehemu iliyo ndani ya mabano ya mraba mwishoni, kwa mfano `[/@home]`: hiyo ni voliyumu ndogo, si sehemu ya jina la kifaa.

Ukipata "Permission denied", umesahau `sudo`.

## `df` inaandika "1K-blocks". Kwa hiyo bloku yangu ni KB 1?

Hapana. Hicho ni kipimo cha kuhesabia. `df` ya Linux huhesabu kwa 1024, ya macOS kwa 512, na ukiweka `POSIXLY_CORRECT` kwenye mazingira yako hata ya Linux hurudi 512. Diski haijabadilika hata kidogo. Tumia `df -h` na usilijali neno hilo.

## Kwenye Windows nafanyaje?

Fungua Command Prompt au PowerShell kama msimamizi, kisha:

`fsutil fsinfo ntfsinfo C:`

Mistari mitatu ndiyo ya kutazama. `Bytes Per Sector` ni sekta inayotangazwa, `Bytes Per Physical Sector` ni sekta halisi, na `Bytes Per Cluster` ndiyo jibu lako. Chini kidogo utaona `Bytes Per FileRecord Segment`, kwa kawaida 1024. Hiyo ni rekodi ya jedwali kuu la NTFS, nasi tutaikuta tena kwenye jaribio.

Kama diski si NTFS, amri hiyo itakataa. Kwa ReFS kuna `fsutil fsinfo refsinfo D:`. Kwa lolote lile, pamoja na exFAT na FAT32, tumia PowerShell:

`Get-CimInstance Win32_Volume | Select-Object Name, FileSystem, BlockSize`

Inaorodhesha diski zote kwa mkupuo, na ndiyo tunayoipendelea kwenye mashine yenye diski nyingi. Maelekezo mengi ya zamani yatakuambia utumie `wmic volume get name, blocksize`. Yanatoa jibu lilelile, ila `wmic` imestaafishwa na haiwekwi tena kwa chaguo-msingi kwenye Windows 11 toleo la 24H2, kwa hiyo usiijengee skripti mpya.

Njia nyingine ni `chkdsk D:` bila kiambatisho chochote: haigusi kitu, na kuelekea mwisho wa taarifa yake huandika "bytes in each allocation unit". Kwenye diski kubwa subira inahitajika.

## Flashi au kadi ya kumbukumbu yangu ni exFAT. Mbona bloku ni kubwa hivyo?

Kwa sababu Windows huichagulia hivyo. Kwa chaguo-msingi exFAT hupewa KB 4 hadi MB 256, KB 32 kutoka hapo hadi GB 32, na KB 128 kwa kila kinachozidi GB 32. Kwa picha na video hakuna ubaya. Kwa folda ya msimbo wa programu ni hasara tupu.

Fanya hesabu. Faili 100,000 za baiti 1,000 kila moja ni MB 100 za data. Kwa bloku ya KB 4 zinachukua takriban MB 410. Kwa KB 64 zinafika GB 6.55. Kwa KB 128, GB 13.1. Mtu akilalamika kwamba alinakili folda ya MB 100 kwenye flashi ya GB 16 iliyofomatiwa kwa KB 128 na flashi ikakaribia kujaa, tatizo ni hilo, wala si virusi. Kwenye Windows, bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, ulinganishe "Size" na "Size on disk".

Ukiwa Linux na flashi ya FAT32, `sudo fsck.fat -n -v /dev/sdb1` huandika `bytes per cluster`, na ile `-n` inahakikisha hakuna kinachorekebishwa. Kwa exFAT tumia `dump.exfat`, iliyomo kwenye kifurushi cha exfatprogs. Kwa NTFS, `sudo ntfsinfo -m /dev/sda3` kisha tafuta `Cluster Size`.

## Na kwenye macOS?

`diskutil info / | grep 'Block Size'`

`Device Block Size` ni ya diski, `Allocation Block Size` ni ya mfumo wa faili. APFS hutumia 4096.

Onyo kwa wanaotoka Linux: `stat` ya macOS ni ya ukoo wa BSD, na `-f` yake maana yake ni mpangilio wa maandishi, si mfumo wa faili. Ukiandika `stat -f /`, itakuchapishia alama `/` na kunyamaza. `stat -f %k /` inatoa namba, lakini ni ya mkupuo unaopendekezwa.

## BSD, Solaris, AIX?

Kwenye FreeBSD yenye UFS:

`sudo dumpfs / | grep -E '^(bsize|fsize)'`

Utapata mbili, kwa kawaida 32768 na 4096. UFS huigawa bloku katika vipande ili mkia wa faili usipoteze bloku nzima, kwa hiyo nafasi ndogo kabisa inayogawiwa ni `fsize`, si `bsize`. OpenBSD huzionyesha zote mbili kwenye safu za `disklabel sd0`.

Solaris: `df -g /`, mstari wa kwanza. AIX yenye JFS2: `lsfs -q /home`.

## ZFS ina bloku ya ukubwa gani?

Swali lenyewe halikai sawa, kwa kuwa ZFS haina ukubwa mmoja. Ina kikomo cha juu, `recordsize`, ambacho kwa chaguo-msingi ni KB 128:

`zfs get recordsize tangi/data`

Faili ndogo kuliko hapo hupata bloku moja ndogo inayoitosha. Kikomo cha chini kinatokana na `ashift`, ambayo ni kipeo cha 2: 9 ni baiti 512, 12 ni 4096, 13 ni 8192.

`sudo zdb -C tangi | grep ashift`

Tunapendekeza `zdb` badala ya `zpool get ashift` kwa sababu ya pili inaweza kujibu 0, yaani "ilichaguliwa yenyewe", bila kukuambia ilichagua nini. Na `stat -f` juu ya ZFS ya Linux itasema 131072 mara zote mbili. OpenZFS hufanya hivyo makusudi, kwa kuwa programu nyingi za Linux huchanganya zile namba mbili.

`recordsize` inabadilishika wakati wowote, ila inahusu faili zitakazoandikwa baadaye. `ashift` ya diski zilizokwisha kuwekwa haibadiliki: ukiikosea, unajenga upya.

## Folda iko kwenye NFS (diski ya seva inayofikiwa kupitia mtandao). Nimepata 1048576

Hicho ni kiasi ambacho mteja na seva wamekubaliana kupeana kwa safari moja. Bloku halisi ya diski ya seva huioni ukiwa kwenye mteja. Ingia kwenye seva uulize hukohuko. Ndivyo ilivyo pia kwa `/mnt/c` ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows): tumia amri za Windows.

Kontena zinazotumia overlay ni rahisi zaidi, kwani `stat -f` hurudisha namba ya mfumo wa faili ulio chini yake.

## Naandika programu. Nitumie f_bsize au f_frsize?

`f_frsize`. Zote mbili hutolewa na `statvfs`. Kwa mujibu wa POSIX (kiwango cha mifumo ya ukoo wa Unix), `f_blocks`, `f_bfree` na `f_bavail` zinahesabiwa kwa kipimo cha `f_frsize`. `f_bsize` ni ukubwa wa mkupuo.

Kosa la kuzizidisha na `f_bsize` hujificha vizuri, maana kwenye ext4 namba ni moja na majaribio yote hupita. Kisha programu inafika macOS, ambako APFS hurudisha `f_bsize` ya 1048576 na `f_frsize` ya 4096, na diski ya GB 500 inaonekana kuwa na TB 128. Ukiona nafasi imezidishwa mara 256 hasa, usitafute kwingine.

Kwa Python: `os.statvfs('/').f_frsize`. Windows haina `statvfs`. Huko unaita `GetDiskFreeSpaceW` na kuzidisha idadi ya sekta katika kila klasta na idadi ya baiti katika kila sekta.

## Sina haki za msimamizi na siamini namba niliyopata. Naweza kupima?

Unaweza, kwa faili moja. Ukubwa wake uwe baiti 65,537, yaani KB 64 na baiti moja ya ziada. Ile baiti moja italazimisha bloku nzima ya ziada:

`head -c 65537 /dev/urandom > jaribio`
`sync`
`stat -c '%b %B' jaribio`

Tuseme umepata `136 512`. Zidisha: 69,632. Toa 65,536. Inabaki 4,096, na hiyo ndiyo bloku. Ingekuwa ya 1024 ungebaki na 1,024. Ukibaki na 65,536, bloku ni KB 64 au KB 128. Kwenye macOS mstari wa mwisho ni `stat -f %b jaribio`, nawe unazidisha kwa 512 mwenyewe.

Kwa nini si faili ya baiti 1? Kwa sababu faili ndogo mno haipewi bloku kila mahali. NTFS huitia ndani ya ile rekodi ya baiti 1024, ndipo "Size on disk" ikasoma 0. Btrfs huiweka kwenye metadata. Kwa nini `/dev/urandom` na si sifuri tupu? Mfumo wenye ubanaji ungezibana sifuri zikaisha. Na `sync` ipo kwa kuwa mifumo kadhaa huchelewa kugawa nafasi hadi data inapoandikwa kweli. Kwenye ZFS jaribio hili halifai, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

## Nichague ukubwa gani ninapofomati?

Kwa kompyuta ya kawaida acha 4096. Ext4 kwa miaka mingi haikuruhusu bloku kubwa kuliko ukurasa wa kumbukumbu wa prosesa, ambao kwenye x86 ni 4096, kwa hiyo diski iliyofomatiwa kwa KB 64 kwenye mashine ya kurasa kubwa inaweza kukataa kupachikwa kwenye kompyuta yako. XFS ilipata uwezo wa kuvuka kikomo hicho kwenye Linux 6.12.

Kwenye NTFS kumbuka kwamba ubanaji wa faili hufanya kazi kwa klasta zisizozidi KB 4 tu. Kwa upande mwingine, diski ya hifadhidata za SQL Server kwa desturi hufomatiwa kwa KB 64. PostgreSQL hutumia kurasa za 8192 na InnoDB 16384. Zote mbili ni mafungu kamili ya 4096, na hazihitaji ubadilishe chochote.

## Naweza kubadilisha bila kufomati?

Kwa ext4, XFS na exFAT, hapana: nakili data pembeni, fomati upya, irudishe. Kwa ext4 ni `mkfs.ext4 -b 4096 /dev/sdb1`, kwa XFS `mkfs.xfs -b size=4096 /dev/sdb1`, kwa Windows `format E: /FS:exFAT /A:32K /Q`. Kabla ya kubonyeza Enter, endesha `lsblk` tena. Herufi ya `sdb` inaweza kuwa imehamia diski nyingine tangu ulipowasha mashine mara ya mwisho.